Kuonyesha Kisichopigika Picha: Safari ya Katuni Hadi Ukanda wa Dhahabu

Katika ukanda wa dhahabu wa Geita kuna mambo mawili yanayotawala maisha ya watu, na hakuna anayeyaona. La kwanza ni mshipa wa dhahabu wenyewe, uliojipenyeza ndani ya mwamba mita nyingi chini ya nyayo. La pili ni mvuke wa zebaki unaopanda kutoka kwenye jiko la mkaa pale mchenjuaji anapochoma dhahabu aliyoikamata kwa zebaki. Kamera haisaidii kwa yote mawili. Itapiga picha ya kilima, ya duara, yaani shimo la wachimbaji, lililofungwa magogo mdomoni, ya mtu aliyechuchumaa mbele ya moto. Mshipa hautatokea, wala mvuke.

Kazi ya kuonyesha kisichopigika picha imekuwa mikononi mwa katuni kwa zaidi ya karne moja sasa. Wengi wetu tulikua tukiihesabu katuni kuwa kitu cha kuwatulizia watoto jioni, na wazazi wengi bado wanaihesabu hivyo. Lakini ukifuata historia yake utaona kwamba kila ilipopiga hatua kubwa, kulikuwa na jambo zito ambalo mtu alitaka kulieleza na hakuwa na njia nyingine. Na kwa upande wetu wa dunia historia hiyo ina swali moja linalojirudia kila kipindi: penseli ilikuwa mkononi mwa nani?

1892–1937: Mchoro unajifunza kutembea

Msingi wa uhuishaji hauna ugumu. Picha iliyotulia hufuatwa na nyingine iliyobadilika kidogo, kisha nyingine, na zikipita upesi machoni akili huzisoma kama mwendo mmoja. Sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde. Mchoraji anayebana matumizi huchora 12, kila mmoja akaupiga picha mara mbili, na hata hapo dakika moja inamdai michoro 720. Hesabu hiyo ya 720 ndiyo iliyoamua nani anaweza kutengeneza katuni na nani ataishia kuitazama, kuanzia Paris hadi Dar es Salaam.

Mfaransa Émile Reynaud alianza kuonyesha michoro yenye mwendo mbele ya watazamaji mjini Paris Oktoba 1892, miaka mitatu kabla ya ndugu Lumière kuanza kukata tiketi za sinema yao. Alichora kwa mkono kwenye ukanda mrefu, kisha akauzungusha mwenyewe mbele ya taa. Mwaka 1908 Mfaransa mwingine, Émile Cohl, alitoa Fantasmagorie, filamu isiyofika dakika mbili iliyomgharimu michoro kama 700. Huko Marekani, Winsor McCay alimleta Gertie, dinosaria mtundu, mwaka 1914, na katika kila mchoro ilibidi hata mawe na mandhari ya nyuma yasiyosogea yachorwe upya.

Uchovu huo ulizaa mageuzi. Mwishoni mwa 1914 Earl Hurd aliomba hataza ya uvumbuzi wake wa kuchora wahusika juu ya karatasi angavu ya seluloidi. Mandhari ikachorwa mara moja tu, na karatasi angavu zikapangwa juu yake, kila moja na mkono au mguu uliobadilika. Kuanzia hapo kazi iliweza kugawanywa: mmoja anachora pozi kuu, mwingine anajaza katikati, mwingine anapaka rangi. Karakana ya mtu mmoja ikawa kiwanda, na kiwanda kinataka mtaji. Mwaka 1937, Walt Disney alipotoa filamu ndefu ya Snow White, nyuma yake kulikuwa na mamia ya watu wanaolipwa mshahara. Nchi isiyokuwa na kiwanda cha namna hiyo ilionekana haina nafasi katika sanaa hii.

Hata hivyo kulikuwa na njia nyingine, na kwangu hiyo ndiyo yenye uzito zaidi kwa Afrika. Mjerumani Lotte Reiniger alikata wahusika wake kwa mkasi kutoka kwenye kadi nyeusi, akaunganisha viungo vyao kwa waya mwembamba, akawalaza juu ya kioo kilichomulikwa kwa chini, na kuwasogeza kidogo kidogo huku kamera iliyoning'inia juu ikipiga fremu moja moja. Filamu yake ndefu kuhusu mwana wa mfalme Achmed, ya mwaka 1926, ndiyo katuni ndefu ya zamani kuliko zote zilizosalia hadi leo. Ilitengenezwa na kikundi kidogo kwa miaka mitatu. Mbinu hiyo ya vikato, pamoja na ndugu yake ya kusogeza vinyago na vitu halisi fremu kwa fremu, iliyomtembeza King Kong mwaka 1933, haikuhitaji jeshi la wachoraji. Ilihitaji subira, kamera moja na mahali pasipotikisika.

1935–1945: Gari la Vugiri na mnyoo wa safura

Mwaka 1935, Vugiri, katika milima ya Usambara juu ya Korogwe, kulianzishwa mradi wa sinema ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Fedha kubwa zilitoka kwa Carnegie Corporation ya Marekani, wazo lilitoka kwa J. Merle Davis wa baraza la kimataifa la wamisionari, na wasimamizi walikuwa Major L. A. Notcutt na G. C. Latham. Hadi mradi ulipofungwa mwaka 1937 ulikuwa umetengeneza filamu 35, na gari lake lenye jenereta, projekta na pazia lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Sauti iliwekwa kwenye santuri tofauti na picha, hivyo filamu moja iliweza kusimuliwa kwa Kiswahili mahali hapa na kwa lugha nyingine kule mbele. Ulikuwa uamuzi wa busara, na watengenezaji wa video za mafunzo wanaufuata hadi leo.

Miongoni mwa filamu chache za mradi huo zilizosalia imo ile ya safura. Mnyoo wa safura hutaga mayai tumboni mwa mtu, mayai hutoka na kinyesi, mabuu hukua kwenye udongo wenye unyevu, kisha hupenya ngozi ya mguu peku, husafiri na damu hadi mapafuni, hupanda kooni, humezwa na kurudi utumboni kunyonya damu. Ni ugonjwa wa wakulima, lakini pia ni ugonjwa wa wachimbaji. Ulaya iliutambua ukubwa wake mwaka 1880 ulipowaangusha vibarua waliokuwa wakichimba njia ya reli chini ya mlima wa St Gotthard, ambako watu wengi walijisaidia na kutembea peku katika joto na tope lile lile. Mgodi wa Geita nao ulifunguliwa chini ya Waingereza katika miaka hiyo hiyo ya 1930, na mashimo yake yalijaa vibarua.

Sasa fikiria mtengenezaji wa filamu anayetaka kuusimulia mzunguko huo. Choo ataweza kukipiga picha, mguu peku pia, mgonjwa aliyepauka pia. Safari ya buu kutoka unyayoni hadi utumboni hawezi. Na huo ndio moyo wa somo, kwa sababu mtu asiyejua kwamba ugonjwa unaingilia mguuni hana sababu ya kununua viatu. Mwaka 1945 kampuni ya Disney, ikilipwa na serikali ya Marekani, ilitoa katuni fupi kuhusu mnyoo huu huu kwa ajili ya nchi za Amerika ya Kilatini. Ndani yake mwili wa mtu unafunguka kama ramani na mtazamaji anaifuata safari yote. Miaka miwili kabla, katika The Winged Scourge, wale mbilikimo saba wa Snow White walitumwa kuangamiza mbu wa malaria. Vita ndivyo vilivyofungua mfuko: Marekani ilitaka urafiki na majirani zake na wafanyakazi wenye afya katika mashamba na migodi.

Kwetu mambo yalielekea upande mwingine. Colonial Film Unit iliyoanzishwa London mwaka 1939 iliongozwa na William Sellers, aliyekuwa amefanya kazi ya sinema za afya Nigeria. Yeye na wenzake waliamini kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kuzielewa mbinu za sinema, hivyo filamu zake ziwe za polepole, zenye matukio marefu, pasipo madoido ya kamera. Walipenda kusimulia kisa cha watazamaji waliomwona mdudu mkubwa kwenye pazia wakasema kwao hakuna wadudu wa ukubwa ule. Kisa hicho kilisimuliwa mara nyingi mno, na madhara yake yalikuwa halisi: mbinu ambayo ingeweza kuwafunulia watu mambo yaliyofichika ndani ya miili yao iliwekwa kando kwa hoja kwamba wao hawana akili ya kuielewa. Hao hao walikuwa watu waliokua wakisikiliza ngano za sungura anayesema na fisi anayevaa.

1961–1990: Wachoraji walikuwepo

Uhuru ulipokuja, Tanganyika haikukosa mikono yenye kuchora. Katika gazeti la Uhuru, Christian Gregory alimleta mhusika wa katuni Chakubanga, na wasomaji walilifungua gazeti wakimtafuta yeye kwanza. Mwaka 1968, Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga alianza kupaka wanyama na ndege kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya ubao laini, rangi zile zile zilizopakwa kwenye baiskeli. Alifariki mwaka 1972, lakini ndugu na wanafunzi wake waliendeleza mtindo hadi ukabeba jina lake. Baadaye jarida la Sani likawapa watu kina Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge, na nakala zake zilisomwa kwa zamu hadi kurasa zikachanika.

Kilichokosekana ni mahali pa kuionyesha michoro hiyo ikitembea. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mapema miaka ya 1970, kabla ya sehemu kubwa ya Afrika, lakini Bara ilikaa bila kituo chochote hadi 1994. Serikali iliona televisheni ni anasa ambayo nchi maskini haiwezi kuibeba, na kwa hesabu za wakati ule hoja hiyo ilikuwa na uzito. Matokeo yake ni kwamba kizazi kizima cha wachoraji hodari kiliishi na kuzeeka kwenye karatasi. Ongeza bei ya filamu, ongeza gharama ya kuisafisha, ongeza ile michoro 720 kwa dakika, na utaelewa kwa nini hakuna Chakubanga anayetembea.

Kwingineko Afrika mtu mmoja alithibitisha kwamba inawezekana hata hivyo. Moustapha Alassane wa Niger alitoa La mort de Gandji mwaka 1965 na Bon Voyage Sim mwaka 1966. Hii ya pili ni ya rais wa nchi ya vyura anayefunga safari ya kiserikali na kurudi nyumbani kukuta hali imegeuka. Ni dakika chache tu za mistari myeusi, na imesema kuhusu watawala jambo ambalo mwigizaji wa kweli angelilipia. Hilo ni tumizi jingine la katuni ambalo limeokoa wengi: chura akisema, anayekamatwa ni nani?

1990–2000: Chura wa Sankuru na Sara wa UNICEF

Congo ndiyo iliyofuata, na kwa njia ya vikato. Jean-Michel Kibushi, mzaliwa wa Sankuru, alianzisha studio yake, Malembe Maa, mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 akatoa hadithi ya kabila la Watetela ya chura aliyekwenda ukweni. Tena chura. Alikata karatasi, akasogeza, akapiga fremu, na baadaye akahamia kwenye vinyago.

Kazi yake ya mwaka 1992 inastahili kutazamwa kwa karibu. Septemba 1991 wanajeshi wasiolipwa waliingia mitaani Kinshasa na kupora mji. Kibushi alilisimulia tukio hilo kwa michoro ya watoto. Hapa katuni ilifanya kazi ambayo haikuwa ya sayansi wala ya mzaha: ilibeba ushahidi. Mtoto aliyeuona mlango wa duka la mtaani kwao ukivunjwa anakumbuka vitu kwa ukubwa wa hofu yake, na mchoro wake unatunza ukubwa huo.

Katika miaka hiyo hiyo ofisi ya UNICEF ya kanda ya mashariki na kusini mwa Afrika, Nairobi, ilikuja na Sara, binti mwerevu anayeandamana na tumbili wake Zingo. Katika kisa cha kwanza ndugu wa ukoo anataka aachishwe shule, naye anawaonyesha watu wazima namna ya kutengeneza jiko linalotumia kuni kidogo. Visa vingine viligusa ukeketaji na wanaume watu wazima wanaowarubuni wanafunzi. Jambo la maana ni namna Sara alivyopatikana. Kabla ya kuchora, watayarishaji walipeleka sura, mavazi na visa vijijini na mijini katika nchi nyingi za kanda, wakauliza, wakabadilisha, wakarudi kuuliza tena. Mhusika aliyechorwa ana faida hii ambayo mwigizaji hana: unaweza kumrekebisha hadi binti wa Shinyanga na binti wa Lusaka wote wakamwona ni mwenzao. Sara alitembea kwa video, kwa redio na kwa vitabu vya picha, na wako wazazi wa leo waliojifunza kusema hapana kutoka kwake.

2004–2012: Nairobi inapata mafundi

Kompyuta ndiyo iliyoishusha ile hesabu ya 720. Katika programu ya uhuishaji wa sura mbili, mhusika hukatwa vipande: kichwa, kifua, mkono wa juu, mkono wa chini, macho matano, midomo minane kwa sauti mbalimbali. Vipande huunganishwa kwenye mifupa isiyoonekana, na mhuishaji huweka pozi la mwanzo na la mwisho, kompyuta ikajaza katikati. Ukiutazama vizuri utagundua huu ni mkasi wa Reiniger uliorudi ndani ya mashine. Kwa uhuishaji wa sura tatu, uliotangazwa kwa dunia na Toy Story mwaka 1995, mhusika hujengwa kama sanamu inayoweza kuzungukwa pande zote, na taa na kamera huwekwa ndani ya kompyuta.

Katikati ya miaka ya 2000 UNESCO iliendesha warsha za Africa Animated! zilizowakutanisha wachoraji wa kanda hii. Kisha ikaja kazi kubwa zaidi: Tinga Tinga Tales, hadithi za wanyama zilizoanza kurushwa na BBC mwaka 2010. Kampuni ya Tiger Aspect ya London ilisimamia, lakini uhuishaji ulifanyika Nairobi, kwa Homeboyz, na Eric Wainaina akahusika katika muziki. Sura yake yote ilitoka kwenye mtindo wa Dar es Salaam: madoa, rangi kali, mnyama anayejaza ubao. Miaka 38 baada ya kifo cha Edward Tingatinga, wanyama wa aina yake walianza kutembea. Fahari hiyo inakuja na jambo la kufikirisha. Mtindo ulikuwa wa Tanzania, mikono ilikuwa ya Kenya, na kituo cha kwanza cha kurusha kilikuwa cha Uingereza, kwa Kiingereza.

Vijana waliojifunza kazi pale hawakukaa kimya. Nairobi ikawa na soko la wahuishaji, na pembeni yake wakatokea wasanii wenye sauti zao. Kwame Nyong'o alitoa The Legend of Ngong Hills mwaka 2011. Ng'endo Mukii alitoa Yellow Fever mwaka 2012, filamu fupi iliyochanganya michoro na miili halisi ya watu iliyopigwa fremu kwa fremu, kuhusu wanawake wanaojichubua ngozi. Wasomaji wa Geita wana sababu ya pekee ya kuitazama. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi, mkorogo kwa lugha ya mtaani, zina zebaki ile ile inayouzwa kwa wachimbaji.

2012–2020: Katuni inazungumza Kiswahili

Mkoa wa Geita ulizaliwa mwaka 2012, kwa kumegwa kutoka Mwanza, Shinyanga na Kagera. Tarehe 31 Desemba mwaka huo huo mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na mwaka uliofuata Mwanza na miji mingine ikafuata. Kulikuwa na manung'uniko mengi kuhusu bei ya visimbuzi, na yalikuwa ya haki. Lakini idadi ya chaneli iliongezeka, na chaneli zinataka vipindi.

Katika nafasi hiyo iliingia Ubongo, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013 na kikundi kidogo ambamo walikuwemo Nisha Ligon na Cleng'a Ng'atigwa. Januari 2014 Ubongo Kids ilianza kurushwa TBC1. Watoto wa kijiji cha Kokotoa, kina Kibena, Baraka, Koba na Kiduchu, wanakumbana na matatizo ambayo hayatatuliki bila hesabu, na wimbo unaishika kanuni hadi ikakaa kichwani. Mtoto aliye nyumbani aliweza kujibu maswali ya kipindi kwa ujumbe wa simu na kurudishiwa jibu. Katuni ikawa inasubiri jibu lako, na kwa simu ya kitochi tu.

Akili and Me ilifuata kwa watoto wadogo zaidi: binti wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro na kuingia nchi ya ndoto kila alalapo. Utafiti uliofanywa kwa watoto wa Morogoro na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba waliokitazama kipindi hicho waliwazidi wenzao katika kutambua namba, maumbo na kuchora. Ninaupa uzito utafiti huo kwa sababu ulijibu kwa vipimo hoja ya kale ya kina Sellers. Mtoto wa Kitanzania anaelewa picha inayotembea, anajifunza kutoka kwake, na anaelewa zaidi ikiwa imechorwa na watu wanaomjua na kusemwa kwa lugha anayoiota.

Wakati huo simu nazo zilibadilisha njia ya usambazaji. Tangu 2011 mpango wa Marekani uitwao Scientific Animations Without Borders umekuwa ukitengeneza katuni fupi za kilimo na afya na kuziwekea sauti katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Huko Msumbiji wakulima walionyeshwa kwa simu, kwa lugha yao, namna ya kuhifadhi maharage kwenye madumu yaliyozibwa ili bungo wakose hewa. Picha moja, sauti nyingi: ndiyo santuri za Vugiri, safari hii zikiwa mfukoni mwa mkulima.

Rwamagasa na kazi iliyobaki

Turudi Geita. Mgodi mkubwa wa kisasa wa Geita (GGM), uliofunguliwa mwaka 2000, ulianza kuchimba chini ya ardhi katika nusu ya pili ya miaka ya 2010. Katika migodi ya namna hiyo hakuna anayeingia mwambani kwa kubahatisha. Mashimo membamba hutobolewa, miche ya mawe hupimwa maabara, na namba hizo hujengwa ndani ya kompyuta kuwa umbo la sura tatu unaloweza kulizungusha, kulikata na kuona mshipa unapanda wapi na unazama wapi. Njia za kuingilia huchorwa ndani ya umbo hilo kabla baruti moja haijalipuliwa. Ni uhuishaji uliozaliwa kwa ajili ya fedha nyingi, na unaonyesha lile jambo la kwanza lisiloonekana.

Lile la pili limeachwa kwa wachimbaji wadogo. Mawe yanapandishwa kutoka duarani, yanasagwa kwenye karasha, unga unapitishwa na maji kwenye mwalo uliotandikwa magunia au mablanketi, dhahabu nzito inanasa. Kinachokung'utwa kutoka kwenye magunia kinawekwa kwenye beseni, zebaki inamiminwa, na mkono mtupu unakoroga hadi zebaki imekamata chembe zote. Mchanganyiko unakamuliwa kwenye kitambaa, kinabaki kitonge cheupe, laini. Kitonge kinawekwa juu ya mkaa. Zebaki huchemka kwa nyuzi joto 357 na kuondoka, dhahabu inabaki na rangi yake. Mara nyingi hufanyika nyuma ya nyumba, watoto wakipita. Mvuke hauna harufu. Unaingia mapafuni, unaingia kwenye damu, unafika ubongoni na kwenye figo, na mkono unaotetemeka huja baadaye sana, wakati mtu ameshasahau moto wa siku ile. Sehemu nyingine inashuka na maji na marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kuchenjua, hadi kwenye madimbwi, ambako vijidudu huigeuza kuwa sumu inayopanda kwa samaki, sumu ya aina ile ile iliyowadhuru watu wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa wake ulitambuliwa mwaka 1956.

Rwamagasa, eneo la wachimbaji wadogo mkoani Geita, ilichaguliwa na shirika la UNIDO kuwa eneo la mfano kwa Tanzania katika mradi wa dunia wa zebaki ulioanza mwaka 2002, na wachimbaji wakaonyeshwa retoti: chombo chenye kifuniko na bomba linalopozwa kwa maji, kinachourudisha mvuke kuwa zebaki ya kutumika tena. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020. Lakini retoti bado inapingwa na macho. Mchimbaji anataka kuona dhahabu yake ikibadilika rangi, na chombo kilichofungwa kinamnyima. Ukimwambia kuna sumu hewani, anatazama hewa na haoni kitu. Anachohitaji kuona ni kile ambacho mpiga picha hawezi kukileta, na hapo sababu zote za historia hii zinakutana.

Mbinu ya kukitengeneza ipo, na haihitaji kiwanda. Vikato vya kadi vinatosha kwa mwili wa mtu: mapafu, mishipa, ubongo, kila kimoja kwenye kipande chake. Mchanga mweupe uliotandazwa juu ya kioo chenye taa kwa chini unakuwa mvuke mzuri, kwa sababu hutawanyika na kufifia kwa kidole. Ndani ya retoti iliyokatwa katikati, chembe za mchanga zinapanda, zinapoa bombani, zinashuka kuwa matone, na kitonge kinageuka njano pale pale mbele ya macho ya mchimbaji aliyekuwa akihofia kifuniko. Simu inafungwa juu ya meza isiyotikisika, mapazia yanashushwa ili mwanga wa jua usibadilike, na programu za bure za simu zinaunganisha fremu. Sauti iwekwe kando na picha, iwepo ya Kiswahili na ya Kisukuma, isomwe na mtu ambaye wachimbaji wanamwamini, kisha irushwe kutoka simu hadi simu na kuonyeshwa kwenye mabanda ya video kabla ya mechi ya jioni. Kwa fremu 12 kwa sekunde, filamu ya dakika mbili ni fremu 1,440. Darasa la wanafunzi 40 linaweza kuzigawana: 36 kwa kila mwanafunzi.